Mwitikiaji wa Mwanahawa

Msinielewe vibaya. Nchi ya Shwari iko mbali sana na hapa mnapokaa, na mambo ya huko hayana undugu na ya kwenu. Ukikuta afisa wa Shwari anafanana na afisa unayemjua, duniani wawili wawili, mwache aende zake. Mimi ni karani wa Shule ya Sekondari Nuru, mwaka wa kumi na tisa huu, na nasimulia yale tu niliyoyaona kutoka kwenye meza yangu. Meza yenyewe iko dirishani na inaona mstarini kote.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba huko Shwari hakuna mwanafunzi anayekosa shule. Mtukufu Kiongozi alilitamka hilo mwenyewe siku anazindua kisima. Hakuwa na mpango wa kusema habari za shule. Maneno yalimtoka tu, na maneno ya Mtukufu yakishatoka hayarudi ndani. "Katika nchi yangu," alisema, "hakuna mwanafunzi atakayekosa shule." Watu wakapiga makofi, maji yakachelewa kutoka, wakapiga tena. Wiki iliyofuata Wizara ya Elimu na Utulivu ikatoa waraka kufafanua kwamba kauli ile haikuwa ahadi, ilikuwa taarifa ya hali ilivyo. Tangu hapo rejista zetu zina safu moja, safu ya Yupo. Ile ya Hayupo iliondolewa kwa sababu ilikuwa inamaliza karatasi bure.

Shule yenye mahudhurio kamili hupewa bendera ya kijani. Yetu ilikuwa imepepea siku elfu moja mia nne na sita. Naijua hesabu hiyo vizuri kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiibadilisha ubaoni kila asubuhi kwa chaki.

Siku ya elfu moja mia nne na saba, Jumanne, msichana wa kidato cha tatu aitwaye Mwanahawa Shekue alifariki darasani, kwenye dawati lake, kwa homa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Tulisikitika sana. Mwalimu Mkuu, Bwana Kitwana, alisikitika mpaka akajifungia ofisini na kupiga simu wizarani kuuliza kama mtu aliyefia darasani huhesabiwa kuwa alihudhuria. Wizara ikamjibu kwamba huyo amehudhuria kuliko wote.

Kesho yake alizikwa. Nilikwenda mazikoni, nikatupia udongo mara tatu, nikarudi shuleni kufunga rejista ya siku. Tulikuwa na wanafunzi mia tano na kumi na wawili. Waliohudhuria walikuwa mia tano na kumi na wawili.

*

Hapa mgeni wa Shwari hukunja uso, kwa hiyo nieleze. Waraka Namba Tisa unasema kwamba mwanafunzi ambaye kwa sababu yoyote ile hawezi kuitika jina lake, ataitikiwa na jirani yake wa dawati. Waliouandika walikuwa wanafikiria mafua. Lakini waliandika "sababu yoyote ile", na Bwana Kitwana ni mtu wa kusoma kilichoandikwa.

Jirani wa dawati wa Mwanahawa alikuwa Sikudhani Mbaruku. Walikaa pamoja tangu darasa la kwanza, wakila kwenye sahani moja, wakisukana nywele, wakigombana na kupatana mara tatu kwa siku. Shuleni kwetu mahudhurio huitwa mara mbili, saa mbili na saa nne. Mvulana akiitwa jina huitika "Naam", msichana huitika "Abee", kama walivyofunzwa kwao. Basi mwalimu wa zamu akiita "Sikudhani Mbaruku", Sikudhani huitika abee. Akiita "Mwanahawa Shekue", Sikudhani huitika abee tena.

Wiki ya kwanza haikupita salama. Mkaguzi wa Mahudhurio, ambaye husikiliza mahudhurio ya shule zote kwa simu akiwa nyumbani kwake, alilalamika kwamba kidato cha tatu kina wasichana wawili wenye sauti moja, na kwamba jambo hilo linatia shaka. Mwalimu Pangrasi, mwalimu wa zamu, akamwambia Sikudhani abaki baada ya vipindi afanye mazoezi ya sauti ya marehemu. Hakuhitaji mazoezi mengi. Sauti ya Mwanahawa ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na mwisho wake aliuvuta kama mtu anayeamshwa usingizini.

Siku alipoipata barabara, darasa zima liligeuka kutazama dawati. Mvulana mmoja wa nyuma alianza kulia. Mwalimu Pangrasi akamsifu Sikudhani kwa bidii yake, kisha akaendelea na jina linalofuata.

*

Mama yake Sikudhani, Bi Mkasi, ni fundi cherehani. Alikuja ofisini kwangu mwezi wa tatu wa mambo haya, akakataa kiti.

"Bwana Karani," alisema, "nilikuwa uani naosha vyombo, nikamwita mwanangu. Akaitika Mwanahawa."

Nikamwambia huenda masikio yamechoka na kelele za cherehani.

"Mwanahawa amekula kwangu miaka tisa. Namjua akiitika akiwa na njaa, namjua akiitika akiwa amekasirika. Niliyemsikia ni yeye. Nikaingia ndani, namkuta Sikudhani amekaa kwenye nusu ya mkeka. Ile nusu nyingine imewekewa nusu ya chapati. Namuuliza, hiyo ya nani? Ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa."

Usiku halali, alisema. Haongei, ila akiitwa. Na akiitwa, mama hajui ni nani atakayemjibu, kwa hiyo ameacha kumwita. Huo ulikuwa mzigo wa Bi Mkasi: alikuwa na mtoto mmoja tu na alikuwa anaogopa kutaja jina lake.

Alimpeleka hospitali ya wilaya. Huko kuna mtaalamu mmoja wa afya ya akili kwa wilaya nzima, Bi Editha Ndomba, mwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya vyandarua. Bi Editha alimsikiliza Sikudhani siku tatu, kisha akafanya kosa ambalo wataalamu wengi hulifanya. Aliandikia shule barua fupi inayoeleweka.

Barua ilikuwa na maombi mawili. La kwanza, mwanafunzi aruhusiwe kufika kwa matibabu kila Alhamisi asubuhi. La pili, mwanafunzi asiitikie tena jina la mwenzake aliyefariki, kwa maana kila anapoitikia, kidonda kinatoneshwa. Mwishoni aliandika: "Niko tayari kushirikiana na walimu wake."

Bwana Kitwana aliisoma mara mbili akitafuta kumbukumbu namba. Haikuwa nayo.

"Karani," aliniambia, "huyu mama ana nia njema, lakini hana utaratibu."

*

Ombi la kwanza lilipatiwa ufumbuzi siku hiyo hiyo, msije mkasema shule yetu haina huruma. Sikudhani angeruhusiwa Alhamisi, na msichana wa dawati la mbele, Tausi, angemwitikia. Ikatokea swali: ikiwa Sikudhani hayupo, Mwanahawa ataitikiwa na nani? Bwana Kitwana akaamua kwamba Tausi amwitikie Sikudhani, halafu amwitikie Sikudhani anayemwitikia Mwanahawa. Tausi aliitikia hivyo Alhamisi mbili. Ya tatu aliomba kuhamishwa dawati.

Ombi la pili lilipelekwa juu. Kutoka juu ikashuka Fomu ya Uratibu wa Nafsi, kurasa kumi na moja, ijazwe na Bi Editha kwa nakala nne: ya shule, ya wilaya, ya mkoa, na moja ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili walimu wote waratibike. Iliuliza mwanafunzi analia kwa jicho lipi. Iliuliza kama husikia sauti, na kama ndiyo, sauti hizo ni za raia. Ukurasa wa tisa ulikuwa mtupu, una maneno haya tu: "Eleza hapa yote aliyokuambia kwa siri."

Bi Editha alizirudisha zote zikiwa nyeupe. Juu ya ukurasa wa tisa aliandika kwa kalamu: "Hapana." Katika miaka yangu kumi na tisa sijawahi kupokea fomu iliyojibiwa hivyo, na sikujua niiweke jalada gani.

Ikabidi kiitishwe kikao.

*

Mratibu Mkuu wa Nafsi za Wanafunzi, Mheshimiwa Lwambano, alikuja na magari matatu. Moja lilimbeba yeye, moja lilibeba kiti chake, na la tatu lilikuja endapo yale mawili yangeharibika. Tulikaa maktaba. Upande mmoja Mheshimiwa na Bwana Kitwana; upande wa pili Bi Editha, Bi Mkasi, na Sikudhani, ambaye aliketi pembeni kabisa ya benchi na kuacha nafasi ya mtu mmoja. Mimi niliandika muhtasari.

Mheshimiwa alifungua kwa hotuba. "Serikali yenu haipingi huzuni," alisema. "Huzuni ni haki ya kila mwanafunzi. Tunachopinga ni huzuni isiyoratibiwa. Leo huyu analia hospitalini, kesho yule analia bwenini, keshokutwa taifa zima linalia kila mtu na saa yake. Je, hapo tutajenga nchi?"

Alinyamaza ili tupige makofi. Bwana Kitwana akapiga.

"Kwa kuwa shida hii ni ya dawati moja," Mheshimiwa aliendelea, "nimeamua matibabu yasibague. Kila Alhamisi watakwenda wote wawili. Mama mtaalamu, utafungua majalada mawili."

"Mwanahawa hawezi kuja," alisema Bi Editha.

"Kwa nini?"

"Amekufa, Mheshimiwa."

"Hilo ni suala la afya. Hapa tunazungumza mahudhurio."

Bi Mkasi aliinamisha uso kwenye upande wa khanga yake. Bi Editha alisema polepole kama anayemwongoza mtu kushuka ngazi, "Sitatoa siri ya mgonjwa wangu. Lakini yeye mwenyewe ameniambia anataka kusema. Naomba asikilizwe, kisha muamue."

Sikudhani alisimama. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, na niliona mama yake akiinua kichwa kuisikia.

"Asubuhi ile aliweka kichwa kwenye dawati. Nikamgusa, wa moto. Saa mbili alipoitwa, hakuweza, nikamwitikia mimi. Akanibonyeza mkono, yaani asante. Nikaja ofisini kuomba karatasi ya ruhusa aende hospitali." Akanitazama. "Bwana Karani akasema nirudi baada ya mahudhurio ya pili. Nikarudi kwenye dawati, nikamshika mkono. Saa nne alipoitwa nikamwitikia tena. Safari hii hakunibonyeza."

Kalamu yangu ilikuwa bado inakwenda, naona ilikuwa imezoea.

"Nilimwitikia amekufa na sikujua," alisema. "Sasa mnaniambia nimwitikie kila siku, nikijua. Nikisema abee, nausikia mkono wake. Haubonyezi. Naomba niache kumwitikia."

Mheshimiwa Lwambano alivua miwani akaifuta, hata nikadhani ameguswa. Kisha akanigeukia. "Karani, andika. Shahidi amethibitisha kwamba marehemu alihudhuria mara zote mbili."

Naomba hapa nijitetee kidogo, kwa sababu Bi Editha alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Ruhusa ile ingemtoa msichana kabla ya saa nne. Karatasi ya ruhusa haifai bila muhuri, muhuri hukaa kwa Mwalimu Mkuu, na asubuhi ile Mwalimu Mkuu alikuwa na wageni. Karani yeyote wa Shwari angemjibu vile vile. Niliyasema hayo kikaoni na Bwana Kitwana akatikisa kichwa kukubali.

*

Lakini sina moyo wa jiwe. Usiku mmoja na mchana wake nilifikiri, nikagundua kwamba ingawa jina la marehemu haliwezi kufutwa kwenye rejista ya Shwari, hakuna waraka unaozuia lihamishwe. Nikajaza fomu ya uhamisho: Mwanahawa Shekue, kidato cha tatu, tabia njema, aende Shule ya Sekondari Rutuba, ng'ambo ya mto. Penye sababu ya kuhama niliandika "mabadiliko ya makazi". Bwana Kitwana alinipa mkono. Alisema ndiyo maana ofisi inahitaji mtu mzima.

Jibu la Rutuba lilikuja baada ya siku nane. "Tuko tayari kumpokea mwanafunzi wenu," liliandika, "kwa utaratibu uliozoeleka wa kubadilishana. Wa kwetu ni watatu. Majina yameambatanishwa."

Niliisoma barua ile nimesimama. Wavulana wawili na msichana mmoja, na penye umri wa mdogo wao paliandikwa kumi na tatu. Utaratibu uliozoeleka. Nilitazama nje, nikaona bendera ya kijani, na kwa mbali, juu ya miti ng'ambo ya mto, nikaiona ya Rutuba ikipepea vile vile. Nilihisi baridi na ilikuwa saa saba mchana.

Bwana Kitwana alipiga hesabu yake. Watatu si haba, alisema, lakini watawekwa kidato cha tatu, na kidato cha tatu tayari kina Sikudhani.

"Sikudhani ana nini?" niliuliza.

"Ana uzoefu."

Nilitumwa mimi kuwaarifu. Bi Mkasi alinisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Nilipofika kwenye wale watatu na ule uzoefu, mguu uliteleza na sindano ikashona hewa. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Sikudhani alikuwa mlangoni, akauliza swali moja tu: huko Rutuba, Mwanahawa ataitikiwa na nani?

"Atapatikana msichana," nilisema. "Dawati halikosi jirani."

"Basi mwambie Mwalimu Mkuu asihangaike," alisema. "Haendi popote, na mimi sina uzoefu."

*

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ambayo shule nzima huitwa majina mstarini. Mistari ilinyooka, mkaguzi yuko kwenye simu, simu imewekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima. Nilisimama kando ya Mwalimu Pangrasi na rejista mkononi.

"Sikudhani Mbaruku."

"Abee."

"Mwanahawa Shekue."

Hakuna aliyeitika.

Mwalimu Pangrasi aliita tena. Sikudhani alikuwa ametazama mbele, mikono imenyooka ubavuni, midomo imefungwa. Hakuwa na kiburi. Machozi yalikuwa yakimshuka kwa macho yote mawili, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Wenzake walianza kusogea, polepole, kila mmoja kwa nusu hatua, mpaka ile nafasi iliyoachwa kando yake kwa miezi minne ikaonekana wazi na kila mtu anaitazama. Kwenye simu tulimsikia mkaguzi akipumua.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo bendera hushushwa, Mwalimu Mkuu huhamishwa, na karani huulizwa maswali.

"Mwanahawa Shekue," aliita Mwalimu Pangrasi.

"Abee," nikaitika.

Wanafunzi mia tano waligeuka. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, nimevaa tai, nimeitika kama msichana. Sijui ilitoka wapi. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo na mwisho wake ulivutwa. Mkaguzi akasema, "Vizuri, endeleeni." Sikudhani ndiye pekee ambaye hakushangaa. Alinitazama kwa muda, kisha akashusha mabega, kama mtu aliyepokelewa ndoo kichwani.

Uhamisho ulifutwa, kwa kuwa mwitikiaji alikwishapatikana. Nakala nne zilipelekwa juu zikisema uratibu kati ya shule na hospitali umefanikiwa kwa asilimia mia. Safari hii, kwa bahati mbaya, taarifa ilikuwa ya kweli. Sikudhani anakwenda kwa Bi Editha kila Alhamisi. Analala. Juzi nilimsikia akicheka na Tausi kwenye bomba la maji, kicheko chake mwenyewe, na Bi Mkasi ananiambia akimwita mwanawe huitika mwanawe. Aliniambia hivyo bila kunipa mkono.

Mimi naitika mara mbili kwa siku. Sioni shida, ni kazi kama kazi nyingine. Ila mwezi uliopita mke wangu aliniita kutoka jikoni, jua bado linawaka. "Baba Zamda," aliita. Badala ya kuitika naam, nikaitika abee. Alitoka na ungo wa mchele mkononi, akatazama nyuma yangu, kisha chini ya meza, akiuliza ni mtoto gani ameingia ndani. Tangu siku hiyo haniiti. Akinihitaji, huja na kunigusa bega.

Alhamisi iliyopita niliomba ruhusa, nikajigongea muhuri mwenyewe, nikaenda nyuma ya stoo ya vyandarua. Bi Editha hakuonyesha kushangaa. Aliniwekea kiti, akafunga mlango, akasema hakuna fomu. Kisha akauliza, "Asubuhi ile Sikudhani alipokuja kukuomba karatasi, ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia habari za muhuri na za wageni wa Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu. Halafu akaniuliza tena, kwa maneno yale yale.

Nje wagonjwa walikuwa wanaitwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alikuwa anaitika.

"Hakukuwa na wageni," nilisema. "Muhuri ulikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nakunywa chai, na sikutaka ipoe."